Sahani ya Jirani



Mwaka 1860 Padre Fava na wenzake walitoka Réunion wakaja Unguja, ugenini kabisa, wakafungua hospitali. Niliwakumbuka siku nilipowapeleka wamisionari walei wawili, mzee na mkewe, kwenye vyumba vyao vya kupanga huku kwetu Jang'ombe. Mimi ni karani wa parokia. Niliwaonyesha mita ya umeme na pipa la maji, nikaona kazi imekwisha.

Ilikuwa Ramadhani. Magharibi mama mmoja jirani, Mwislamu, alipiga hodi akaleta sahani ya muhogo wa nazi. Tulipokwisha kula, nikaiosha sahani upesi ili niirudishe. Bibi akanizuia. “Mwanangu, mama huyu anaitwa nani?”

Sikujua. Nami nimekaa mtaa huu miaka sita!

Kesho yake wazee wale waliirudisha wenyewe, imejaa maembe, wakauliza jina. Sasa bomba likikauka, mama yule huwapelekea ndoo ya maji.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgonjwa nilikuwa mimi. Je, msomaji, jirani yako wamjua jina?