Jumamosi Zetu za Hurlingham

Kwa miaka sita sasa tumekuwa tukikutana Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, sisi wanawake wanne wa pwani ambao ndoa na kazi vimetuleta Nairobi. Wawili kati yetu ni wazaliwa wa Kibokoni, Mombasa. Mmoja ni wa Mkomani, Lamu. Na wa nne ni wa Malindi. Sote tunakaa katika majumba ya ghorofa ya Hurlingham na Kilimani, si mbali na barabara ya Argwings Kodhek, ile iliyopewa jina la wakili Mwafrika wa kwanza wa Kenya, aliyefikwa na mauti katika barabara hiyo hiyo mwaka 1969. Huko ndiko tulikozoea kukutana, mara karibu na jengo la Yaya, mara katika mikahawa ya barabara ndogo za ndani.

Tulipokuwa wasichana hatukujua mambo ya mikahawa. Mkahawa ulikuwa mahali pa wanaume na wasafiri. Mama zetu walialikana majumbani. Sinia la pilau liliwekwa juu ya mkeka, watu wanne au watano wakalizunguka, na kila mmoja akala upande wake. Aliyeshiba mapema alisogeza nyama kwa mwenziwe, akaendelea na mazungumzo, na hakuna aliyejua amekula matonge mangapi.

Ghorofani sinia halina nafasi. Mgeni huandikwa langoni, hupigiwa simu, hupandishwa lifti, na akifika sebuleni hukuta watoto wamemwaga vitabu na baba yao amejinyoosha kwenye kochi. Ndipo tukahamia mikahawani. Iko ya kila namna mitaani kwetu: ya Kisomali yenye wali na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni, ya Kihabeshi yenye injera, ya Kihindi, na ile ya vijana yenye kahawa na keki. Sharti letu lilikuwa moja tu, nyama iwe halali. Baada ya hapo hatukuwa na sharti.

Tuseme kweli, tulikula. Kila mmoja na sahani yake ya biriani, vibanzi vya kuonja katikati ya meza, glasi ya maji ya embe au pasheni iliyotiwa sukari hadi ukingoni, kisha keki, kisha chai ya maziwa ya kuteremshia. Miili yetu ikajibu kama inavyojibu miili. Tulikuwa tukisema ni watoto, ilhali mtoto wa mwisho wa mmoja wetu ana miaka kumi na mmoja.

Kisha mwenzetu, huyo wa Malindi, akaanza kukosekana. Jumamosi moja ana wageni, Jumamosi nyingine kichwa kinamuuma. Alipokuja aliagiza supu tu, akaichezea kwa kijiko. Nasi hatukumwacha. “Kula basi, dada, hujala kitu!” “Au umekuwa mkubwa, chakula chetu hukitaki?” Siku tulipoona baibui limeanza kumpwaya, mmoja wetu alimwuliza mbele ya mhudumu, “Umekonda hivi, kuna nini nyumbani?” Wasomaji wa pwani wanajua uzito wa swali hilo. Kunona kwetu ni mashaallah. Kukonda ni habari ya mume. Baada ya siku hiyo hakuja tena kwa miezi mitatu, na sisi tukakasirika. Tulisema anajivuna. Hata tukamsemea yale ya kwamba kuitikia mwaliko ni haki ya Mwislamu juu ya nduguye, kana kwamba ndiye aliyeivunja haki hiyo.

Tulikuja kuujua ukweli kwa bahati. Mmoja wetu alikutana naye kwenye foleni ya dawa hospitalini, bahasha ya vipimo mkononi. Alikuwa amepimwa wastani wa sukari ya damu, kipimo kinachoonyesha hali ya miezi miwili mitatu iliyopita, kikasoma asilimia 6.2. Kuanzia 5.7 hadi 6.4 mtu huhesabiwa yuko mlangoni pa ugonjwa wa sukari, na 6.5 ndio ndani. Uzito wake ulikuwa kilo 94. Mama yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo kabla ya kufariki, na mwenzetu ndiye aliyekuwa akikisafisha kidonda. Hakuwa ametuambia hata mara moja.

Tulikwenda kwake wote watatu, tukakaa kwenye hiyo sebule isiyo na nafasi. Tulikuwa tumejiandaa kumpa pole. Alitusikiliza, akatumiminia chai isiyo na sukari bila kutuuliza, kisha akasema, “Huko mikahawani hakuna anayenilazimisha kula isipokuwa nyinyi, dada zangu. Mhudumu hana habari na mimi.”

Hatukuwa na jibu. Kwa miaka yote tuliona kwamba kumhimiza mtu kula ni mapenzi, na kwa hakika ndivyo tulivyolelewa. Lakini himizo la mama kwa mtoto aliyerudi chuoni na njaa ni jambo moja, na himizo la watu wazima watatu kwa mgonjwa aliyejizatiti ni jambo jingine. Ilitubidi pia tukiri jambo ambalo halikuwa zuri kulikiri: sahani yake ya supu ilikuwa ikizihukumu sahani zetu. Tulipomsukumia vibanzi tulikuwa tukitafuta mwenzi wa kosa.

Daktari alikuwa amemwekea lengo lisilotisha: apunguze asilimia 7 ya uzito wake, yaani kilo sita na nusu hivi, na atembee dakika 150 kwa wiki. Hesabu hiyo haikutoka hewani. Ni ile ya utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, ambao uliwafuata watu walio mlangoni pa kisukari kama yeye. Waliopewa malengo hayo na kusaidiwa kuyafikia, uwezekano wao wa kuupata ugonjwa ulipungua kwa asilimia 58 ukilinganishwa na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Alikuwa ameshapunguza kilo nne peke yake, kwa kujifungia ndani. Alituambia kwamba kilo zilikuwa zikiondoka, lakini Jumamosi alasiri alikaa dirishani akitazama magari, na mara mbili alilia.

Tukaanza upya, na mwanzoni tuliharibu. Jumamosi ya kwanza sote tuliagiza saladi ili kumfurahisha. Ilikuja baridi, imemwagiwa mchuzi mzito wa mafuta na mayai, na pengine haikuwa nyepesi kuliko wali tulioukimbia. Maana gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, hali gramu ya wanga au ya protini hutoa 4, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Tuliondoka na njaa, na wawili wetu (hatuwataji) wakapitia duka la keki njiani. Mwenzetu mwenyewe alikasirika. Hakutaka meza nzima iugue kwa ajili yake.

Aliyetupatia njia ni yule wa Lamu. Alisema, turudishe sinia. Badala ya kila mtu kuagiza sahani yake, tuagize vya meza: samaki wawili wa kuchoma kwa watu wanne, wali sahani mbili, mchicha au sukuma wiki, kachumbari bakuli kubwa, na ndimu nyingi. Mhudumu alituuliza mara mbili kama tumemaliza kuagiza. Vilipokuja tukaviweka katikati, na ile hali ya zamani ikarudi, ya mtu kula upande wake bila kuhesabiwa matonge. Mwenzetu alichukua vijiko vitatu vya wali, akajaza mboga, akala samaki kwa raha, na hakuna aliyekuwa na sahani ya kulinganisha na yake. Hesabu ya malipo nayo ilishuka karibu nusu, jambo ambalo waume zetu wamelisifu kuliko yote.

Kwa Wahabeshi hatukuhitaji hata kueleza, kwa kuwa injera huja kwenye sinia moja tangu asili. Huko tunaagiza kile chakula chao cha mfungo. Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, hawali nyama wala maziwa siku hizo, na kwa sababu hiyo wapishi wao wana ufundi wa dengu, kunde, kabeji na mboga za majani ambao sisi tungefaa kujifunza. Pia swali la nyama kuchinjwa vipi haliulizwi pasipo na nyama. Mafuta wanatia, hilo tulikwisha kuliona. Tunakula mboga zaidi na injera kidogo.

Kigumu zaidi kilikuwa vinywaji. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, yaani kama gramu 25, vijiko sita vya chai. Soda ya kawaida ya mililita 500 peke yake huwa na zaidi ya gramu 50. Tulipoyasoma hayo tulizitazama glasi zetu za pasheni kwa macho mengine. Sasa tunaagiza maji yenye ndimu na majani ya nanaa, au chai ya rangi yenye tangawizi na iliki. Yule wa Kibokoni, mkubwa wetu, bado huagiza maji ya ukwaju yenye sukari kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na amekataa katakata kujadiliwa.

Palibaki suala la israfu, na hili lilizua mjadala wa kweli. Tumelelewa tukiogopa kutupa chakula, na mkahawani chakula kimelipiwa. Basi tulikuwa tukimaliza kila kitu kwa jina la dini. Siku moja mwenzetu alituuliza kwa upole, hiyo israfu iliyokatazwa, si imetajwa pamoja na kula na kunywa? Kuna tofauti gani kukitupa chakula jaani na kukitupa ndani ya mtu aliyekwisha shiba? Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipolipa tumbo theluthi tatu, chakula alikipa moja tu. Ya pili ni ya kinywaji, na ya tatu ya pumzi. Tangu hapo kila mmoja wetu ana bakuli lenye kifuniko ndani ya mkoba. Tunatenga kabla hatujaanza kula, mikono ikiwa safi, si mabaki. Askari wa langoni kwa mwenzetu hula samaki kila Jumamosi jioni, na ameanza kutoa maoni juu ya mapishi.

Matembezi tunayafanya kabla ya chakula. Tunakwenda Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na Ikulu, tunazunguka kwa muda wa dakika arubaini na mabaibui yetu na viatu vya michezo chini yake. Mara za kwanza watoto wa watu walitutazama. Siku hizi tunasalimiana na watu wa huko kwa majina.

Hatutaki msomaji adhani mambo yamenyooka. Ramadhani iliyopita tulialikwa kwenye bafe ya futari katika hoteli moja kubwa, na bafe ina hila yake: umelipa bei moja, na nafsi inataka kula thamani ya fedha. Sambusa, viazi karai, kaimati, mkate wa sinia, vyote vilikuwapo, na sote wanne tulishindwa. Mwenzetu alimaliza mwezi akiwa ameongeza kilo mbili. Idd alikwenda Malindi kwa mama mkwe wake, na asubuhi ya kwanza akaletewa mahamri sita na mbaazi za nazi. Alikula mawili. Mama mkwe akasema, “Mwanangu, mkono wangu umekuwa mchungu?” Akamjibu, “La, mama, haya manne nakula njiani nikirudi, ili nikukumbuke hadi Nairobi.” Alituapia kwamba yalifika Mtito Andei yakiwa mazima. Baada ya Mtito Andei hakusema.

Wapo wanaotuambia kwamba mgonjwa wa kweli angeacha mikahawa kabisa. Huenda wana haki. Lakini sisi tulimwona alipoiacha, na tulijua anakaa dirishani.

Uzito wake sasa ni kilo 85, na kipimo chake cha pili kilisoma 5.8. Nasi watatu, ambao hakuna daktari aliyetuambia neno, tulikwenda kupimwa mwezi wa Rajabu. Mmoja wetu, yule aliyeuliza swali la kukonda mbele ya mhudumu, alikutwa na 6.1. Alilificha jambo hilo kwa siku nne. Siku ya tano alimpigia simu yule wa Malindi kabla ya kumwambia mumewe, wakazungumza mpaka adhana ya magharibi.

Vipimo vyao vijavyo ni vya siku moja, Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, asubuhi, kabla ya kula chochote. Tutawasindikiza. Mahali pa kula baadaye tumekwisha pachagua, na samaki tumeshaagiza.