Koti la Theluji kwa Mwana wa Ngao

Mwana wa Ngao huyajua maji ya mto Tana yakifurika. Theluji ni ngeni kwake. Apelekwapo Ulaya masomoni, akaalikwa kuteleza thelujini, hudhani koti zito ndilo kinga. Kumbe atelezaye hutoka jasho. Likizuiliwa humlowesha, na apumzikapo baridi humshika hata kuhatarisha uhai wake. Philip Boit alipoiwakilisha Kenya huko Nagano mwaka 1998, aliteleza kilomita 10. Mwendo huo si wa kustarehe. Basi na achague koti lenye utando usiopenywa na tone la maji, ila upitishao mvuke, mishono yake imezibwa, na zipu kwapani. Wala hekima hiyo si ngeni: paa la makuti huzuia mvua, likapitisha moshi.