Sababu Zilizonifanya Nimwambie Anti Aachane na Windows 10

Leo hakuna nani kaachana na nani, tuongee kompyuta kidogo. Najua kuna watakaosema "hiki sicho kilichotuleta", lakini nusu yenu mnanisoma kwenye kompyuta ya ofisini na ndani yake kuna Windows 10. Kwa hiyo inawahusu.

Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft wameacha kuihudumia rasmi Oktoba 14, 2025. Haijazimika. Ukiwasha inawaka kama jana, ndiyo maana watu hawaoni shida iko wapi. Kuna prodyuza mmoja wa Kinondoni, simtaji ila nyimbo zake mnazicheza kila harusi, yeye studio yake bado iko Windows 7. Nikimgusia ananijibu, "Mwanangu, mashine inayotoa hiti haiguswi." Na ana hoja yake, kwa sababu ile kompyuta haijui intaneti ni nini, na flashi za watu haziingii mle hata uwe msanii mkubwa kiasi gani. Anachokosa ni programu mpya za muziki, nyingi zinamkatalia. Chrome nayo ilishamfungia mlango, toleo la 109 ndilo lilikuwa la mwisho kwa Windows 7, mwanzoni mwa 2023. Amebaki kisiwani kwake, anajua, na ameridhika.

Sasa Anti yangu hana kisiwa. Siyo Anti wa damu, ni rafiki wa mama, ana steshenari karibu na kituo cha daladala. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya kopi, na foleni. Msimu wa maombi ya mkopo wa HESLB ukifika, pale hapapitiki. Mtoto anakuja na cheti cha kuzaliwa cha kuhakikiwa RITA, namba ya NIDA, picha, vyeti vya shule, mwingine na cheti cha kifo cha baba. Vyote vinaskaniwa, vinakaa kwenye dekstopu ya Anti. Mtoto anafungua barua pepe yake pale pale, anaondoka bila kutoka, maana simu yake haina bando na daladala ndiyo hiyo inaita. Flashi zinaingia na kutoka siku nzima, zile ambazo ukifungua unakuta mafoda yote yamegeuka shotkati.

Kwa hiyo nilivyomwambia, "Shikamoo Anti, hii Windows inabidi tuihame," akanitazama juu ya miwani. "Marahaba. Kitu kinafanya kazi, wewe unataka nitoe hela?"

Swali la haki kabisa. Na ukisoma sababu wanazotoa watu wengi mtandaoni, hazimjibu. Eti kona za madirisha ni za duara, eti kuna akili bandia ya kuongea nayo. Hizo hazimwongezei Anti hata shilingi mia ya kopi. Mimi mwenyewe kama ni urembo tu ningemwambia abaki alipo.

Sababu yangu ni moja kubwa, na nilimweleza hivi. Windows ni nyumba iliyojengwa na watu, ina nyufa, na kila mwezi wataalamu na wezi wote wanagundua ufa mpya. Ile apdeti inayokukera saa mbaya ndiyo fundi anayekuja kuziba. Oktoba 14 fundi ameacha kuja, ila wezi hawajastaafu. Halafu ufa unaozibwa kwenye Windows 11 mara nyingi upo na kwenye 10, maana ni ndugu. Yaani kila 11 inapotengenezwa, mwizi anaonyeshwa pa kutafuta kwenye 10.

Akasema ana antivirusi. Ni kweli, na Defenda itaendelea kupewa orodha ya virusi wapya kwenye Windows 10 mpaka Oktoba 2028. Lakini antivirusi ni mlinzi wa getini, haibi wala hazibi ukuta. Mwizi akipita ukutani, mlinzi anamkuta sebuleni.

Mnakumbuka WannaCry? Mei 12, 2017. Machi ya mwaka huo Microsoft walishatoa dawa ya ule ufa. Ambao hawakuiweka waliwasha kompyuta wakakuta mafaili yamefungwa na tangazo la kudai dola 300 kwa Bitcoin. Ilifika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa. Na hapo dawa ilikuwepo, bure. Wewe wa Windows 10 isiyo na huduma, siku ikitokea nyingine ya hivyo huna hata ya kuchelewa kuiweka.

Niseme ukweli pia, Windows 11 haikuokoi ukiamua kupiga ile ya kuchakachua ya elfu kumi au kushusha programu za kuiba. Hapo mlango umefungua mwenyewe.

Anti alinyamaza, halafu akauliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo cheti cha mtoto wa mtu kikiibiwa hapa kwangu, anamfuata nani?" Hapo hatukubishana tena.

Ikaja shida nyingine. Windows 11 ni bure ukiwa na 10 halali, lakini haikubali kila mashine. Inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, kitu kinaitwa TPM 2.0, na prosesa kama ni Intel basi kwa ujumla kizazi cha 8 kwenda juu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, utaona kama unayo. Ikikuambia haipo usilie kwanza, mashine nyingi inakuwa imezimwa tu kule BIOS, fundi anaiwasha dakika mbili. Ya Anti ilikuwa kizazi cha 6, yuzdi ya Dubai. Kuna mafundi wanaipitisha kwa ujanja, ila Microsoft hawakuahidi chochote kwa mashine ya hivyo, na Anti hataki biashara isiyo na ahadi.

Tulichofanya, kwanza tukaiandikisha kwenye ule mwaka wa nyongeza. Windows 10 ya 22H2 inapewa marekebisho ya usalama mpaka Oktoba 13, 2026, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Hiyo ilimpa muda wa kukusanya. Msimu wa mkopo ulipoisha akanunua yuzdi ya kizazi cha 8 kwa laki nne na nusu. Ile ya zamani nimeipiga Linux Mint, inachapa barua na kuprinti bila shida, intaneti tumeichomoa.

Malalamiko yake mpaka leo ni kitufe cha Start kukaa katikati, anasema kama kibao cha chapati kimewekwa mlangoni. Nimemrudishia kushoto kwenye mipangilio. Sasa anauliza kwa nini saa inaonyesha tarehe kwa Kiingereza.