Milimita 97

Mwaka juzi niliandika habari fupi kuhusu asali feki sokoni Musoma. Sentensi moja ilisema kwamba asali ikiwa nyeusi sana, basi imechemshwa au imetiwa sukari guru. Muuzaji mmoja ndiye aliyeniambia, nikaona inaingia akilini, nikaituma kwa mhariri. Wiki mbili baadaye mjomba wangu wa Butiama akapiga simu. Hakulalamika. Aliuliza tu kama namfahamu aliyeandika ile habari, maana duka la Musoma lililokuwa likichukua ndoo zake limemwambia asubiri kwanza.

Habari zetu fupi haziwekwi jina la mwandishi. Nikamjibu nitaulizia.

Ilinichukua miezi kuulizia kitu ambacho nilipaswa kukiuliza mwanzo: rangi ya asali inasema nini? Duniani hupimwa kwa milimita, na kipimo kinaitwa Pfund. Kifaa chake cha asili ni kihori chembamba cha kioo, upande mmoja kimebana, upande wa pili kimepanuka kama kabari. Unamimina asali, unailinganisha na kioo cha rangi ya kaharabu, unasoma rula mahali rangi zinapolingana. Sifuri ni kama maji, 140 ni kahawia inayokaribia weusi. Umbo la kabari ndiyo akili yenyewe, kwa sababu asali ileile ikiwa nyembamba huonekana ya dhahabu, ikiwa nene huonekana nyeusi. Na mimi ujue niliihukumu ndani ya ndoo!

Siku hizi kuna kimashine kidogo cha betri. Niliazima kwa rafiki anayefanya kazi na wafugaji nyuki, nikapanda gari hadi Makutano, kisha Butiama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kisanduku hicho cha nini?"

Nikamweleza. Akaleta asali, nikajaza kijichupa cha mraba. Pale mkononi ilikuwa rangi ya chai ya rangi, siyo lami niliyoiona kwenye ndoo. Kimashine kikaandika 97. Kaharabu ya kawaida kabisa, maana kaharabu nzito huanzia juu ya 114.

"Sasa hiyo inasema asali yangu ni nzuri?"

"Hapana. Inasema ina rangi gani tu."

Akacheka. Kabla ya nyuki alilima pamba Bunda miaka mingi, na pamba ilipangwa mbili: safi na fifi. Fifi bei yake ndogo. "Ila fifi," akasema, "unaishika, unaona imechafuka au imeliwa na wadudu. Hii yangu mmeiita fifi kwa kuiangalia kwa mbali."

Ni kweli asali ikipashwa moto sana au ikikaa miaka huwa nyeusi. Lakini maua nayo hutia rangi, na asali ya miombo ya Tabora ni nyeusi bila mtu kuigusa. Anayetaka kujua ubora ana vipimo vingine. Kiwango cha kimataifa, kwa mfano, kinataka maji yasizidi asilimia 20, na hayo jicho haliyaoni. Hata ile njiti ya kiberiti tunayoichovya, asali ya sukari iliyo nzito inaweza kuipitisha vizuri tu.

Wamarekani walijikwaa hapohapo na sharubati ya mepo, mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Nyeupe-dhahabu ilikuwa daraja A, nyeusi daraja B, na watu waliamini B ni mbovu. Mwaka 2015 wakaifuta hiyo B. Nyeusi ya kuuzwa mezani nayo ikawa A, lebo ikitaja rangi na ladha. Sharubati haikubadilika hata tone.

Nilimsimulia mjomba hayo yote, kisha nikamwambia ni nani aliyeandika ile habari. Alikaa kimya, akafuta kijichupa kwa kitambaa, akanirudishia.

"Nilijua," akasema. "Ulivyosema utaulizia, nikajua."

Masahihisho yalitoka, aya mbili, ukurasa wa ndani. Duka halijamrudia. Siku ile nilinunua ndoo moja kati ya nne zilizobaki. Alinitoza bei kamili, na sikuomba anipunguzie.