Mkwe Hapimwi kwa Futi

Nilipokuwa nafunga mkoba wangu wa vyombo, mke wangu alisimama mlangoni akauliza, "Randa ya nini? Unakwenda ukweni au unakwenda mjengo?" Nikamwambia ni vyote viwili. Tumeoana miaka sita. Posa ilipelekwa na wazee, nikaha ikafungwa Mombasa, na tangu hapo kila mwaka safari ya kwao ilikuwa mwaka ujao. Mimi ni seremala wa Mji wa Kale. Mbali zaidi nilikowahi kufika ni Nairobi, tena nikarudi mbio.

Kilichonitoa ni anguko. Mwezi wa Mei, kwake Bungoma, mama mkwe alikuwa anatoka chooni saa tisa za usiku, mvua imenyesha, tochi mkononi. Akateleza, akajizuia kwa mkono wa kushoto, kiwiko kikapona lakini kifundo kikavunjika. Akatiwa plasta wiki sita. Wanawe wakakaa kikao kwenye simu, na fikra zikawa mbili: ahamie Kitale kwa bintiye mkubwa, au nyumba yake itengenezwe abaki kwake. Wakati wao wanashauriana, mwenyewe alikuwa keshaingia shambani kupalilia mahindi kwa mkono mmoja. Hapo shauri la kuhama likafa, na kikao kikakumbuka kwamba kina mkwe fundi.

Tukaondoka Agosti 2024. Treni ya asubuhi ilitushusha Nairobi mchana, na usiku tukaingia basi la Kitale. Siwezi kusema mengi juu ya njia kwa sababu sikuiona; niliisikia kwa mifupa. Tulipopita Nakuru baridi ilianza kupanda kutoka miguuni. Kabla ya Timboroa, pale barabara inapovuka Ikweta, nilikuwa nimevaa kila kilichokuwemo mkobani pamoja na kanga ya mke wangu kichwani. Shuleni tulifundishwa kwamba Ikweta ndiko kwenye joto. Mwalimu yule hakupanda basi la Kitale.

Alfajiri tukashuka. Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari, na mimi maisha yangu yote nimeyaishi pale maji yanapolamba ukuta. Nikifungua mdomo unatoka mvuke kama birika. Wenyeji walikuwa wamevaa majaketi na kofia za sufu, wanauziana maziwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Kulipopambazuka mke wangu akanionyesha mlima Elgon, ulio mpakani na Uganda. Nilitarajia kichwa kirefu chenye theluji kama Kilimanjaro. Nilichokiona kilikuwa kimelala chini ya mawingu, kipana mno, mfano wa jahazi lililopinduliwa fudifudi ufukweni lipakwe mafuta ya sifa. Nikaambiwa kilele chake kina mita 4,321. Sikuamini mpaka jioni, jua lilipokiangukia kwa nyuma.

Kwa shemeji yangu, dadake mke wangu, tulikaa siku mbili. Neno moja juu ya chai: kwetu chai ya maziwa ni maji yaliyotiwa maziwa, kule ni maziwa yaliyotishwa kidogo kwa maji. Nilikunywa vikombe vinne.

Siku ya kwanza ikaenda kwenye mbao. Mimi nimezoea mvule, mbambakofi na boriti za mikoko, miti inayomkomesha mtu msumeno. Huko uani mwa muuza mbao kila kitu kilikuwa cha rangi ya siagi na kilinukia kama ganda la ndimu: saipresi. Nyepesi, laini, msumari unaingia bila kubisha hodi. Nikaidharau moyoni, kisha nikaipiga randa, ukatoka unyoya mrefu usiokatika, nikanyamaza. Tulinunua tatu-kwa-mbili na nne-kwa-mbili, bei ikihesabiwa kwa futi, na nguzo ishirini na mbili za bluugamu, ambayo sisi tunaiita mkaratusi. Muuzaji alizipaka oili chafu ya gari sehemu ya chini. "Mchwa wa Bungoma," alisema, "hana salamu."

Siku ya pili nikapelekwa Makumbusho ya Kitale, ambayo chanzo chake ni mkusanyo wa askari mmoja wa Kizungu, Stoneham, aliyeanza 1926 kuonyesha watu wadudu, ndege na vitabu vyake. Ndege niliwapita haraka. Nilichoganda nacho ni nyumba za kienyeji zilizojengwa uani, za udongo na nyasi, na hasa milango yake. Niliinama kuingia, nikajigonga utosi. Nikatoka nikainama tena, nikajigonga palepale. Nikamkumbuka bibi yangu wa Kibokoni, mtaani kwetu. Nyumba yetu ina mlango mkubwa wa nakshi, fahari ya mtaa, wenye kizingiti kinachofika nusu ya muundi, na bibi alikiruka kila siku mpaka siku aliyoshindwa, akakaa ndani miaka miwili bila kuiona barabara. Mlango mmoja unamwinamisha mzee, mwingine unamrukisha. Mimi nimetengeneza milango miaka ishirini na jambo hili sikuwahi kuliwaza.

Siku ya tatu, matatu. Kiminini, Kamukuywa, halafu tukakunja kuelekea Kimilili, mahindi kulia na kushoto yamezidi urefu wa mtu, na mimi katikati nikiwa na kuku wa abiria mwenzangu mapajani. Hapo tena tulikuwa tumeshaingia Bungoma. Njiani tukakutana na vijana wanakimbia kwa wimbo, wamejivika shanga, wanagonga vyuma vya mikononi mlio unasikika kabla hujawaona. Mke wangu akasema ni chinyimba. Wabukusu, watu wa huku, hutahiri miaka ya shufwa, na Agosti ndio mwezi wake. Kijana huzunguka na hizo njuga kuwaita jamaa zake waje wamshuhudie. Kwetu tohara ya mtoto hufanywa kimya, sherehe baadaye. Hawa walikuwa wanaitangaza kama meli inayoingia bandarini.

Nikashuka kwenye bodaboda nikiwa nimekwisha kutanguliza mkono. Kwetu ukimwona mama mkwe unamwamkia, unampokea mkono na kuubusu. Yule pale, mwembamba, amejifunga leso, anatabasamu. Nikapiga hatua tatu. Shemeji yangu wa kiume akanidaka begani.

"Shemeji, pole. Huku mama mkwe hashikwi mkono."

Nikabaki na mkono hewani kama mtu anayesimamisha gari. "Shikamoo, mama," nikasema kwa mbali. Yeye akacheka, akanijibu "Mulembe," akageuza uso kando kwa adabu. Kisha nikasomewa masharti yote. Siingii chumbani kwake. Jikoni kwake siingii. Hatukai kwenye kochi moja, wala sitamwona anakula. Na kulala nitalala kwenye simba.

"Kwenye nini?"

Simba, kumbe, ni kibanda cha kijana ambaye hajaoa. Wallahi nilikuwa nimeanza kuangalia nyuma ya migomba.

Jioni ile nililetewa kuku mzima, ambaye nilikuwa nimepewa kisu nimchinje mwenyewe ili nile kwa raha, ugali mgumu na mrenda. Mrenda ni mboga ya majani inayovutika kama bamia, ila bamia kando yake ni kavu. Firigisi ikawekwa juu kabisa. Huku wanaiita imondo na hapewi mtoto. Nikaila huku nawaza: nimesafiri kutoka bahari hadi mpaka wa Uganda kutengeneza chumba cha kulala nisichoruhusiwa kukitia jicho.

Asubuhi nikaizunguka nyumba kwa nje. Matofali ya kuchoma, mabati, kazi nzuri. Sebuleni, ambako niliruhusiwa, sakafu ya saruji ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama sahani, na hiyo ndiyo hatari ya kwanza: mwenye soksi hapo ni samaki juu ya barafu. Mlango wa mbele ulikuwa na kidato kimoja cha inchi saba, kirefu kuliko vidato vya shule. Jiko liko peke yake uani, mafiga matatu chini. Na choo, choo cha shimo, kiko hatua arobaini nyuma ya migomba, njia ya udongo mwekundu unaoshuka. Nilizihesabu hatua zile asubuhi, kukavu, nina miaka arobaini na mmoja, na bado niliteleza mara moja.

Vipimo vya ndani nitavipataje? Nikampa mke wangu futi. Akarudi na namba ambazo zingejenga kitanda cha ngamia; alikuwa amesoma upande wa sentimita. Basi nikampa uzi wa katani. Mwambie mama asimame kwa viatu vyake vya kila siku, nikamwambia. Toka sakafuni hadi nyuma ya goti, piga fundo. Toka sakafuni hadi kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia, piga la pili. Kisha kipande kingine kifupi: akunje kiganja mpaka dole gumba liguse kidole cha kati, na uzi upite ndani ya duara hilo.

Uzi ukaja umekunjwa kwenye jani la mgomba. Nikaulaza juu ya benchi, na nikakaa kuutazama kuliko ilivyolazimu. Mama mkwe alikuwa pale mzima: goti inchi kumi na sita, mahali mkono unapotafuta pa kushika, na mzunguko wa ngumi uliokuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Fito nilizotaka kuweka ukutani zingekuwa nene kwake. Kiganja kisichofunga hakishiki, kinagusa tu.

Fundo la goti ndilo lililozua ugomvi. Mke wangu alilipeleka kitandani, na godoro likalipita kwa inchi nane. Miguu ya kitanda ilikuwa imepandishwa juu ya matofali, kwa hiyo kila asubuhi mama alikuwa anadondoka kitandani wala hatoki. Toeni matofali, nikasema. Jibu likaja kupitia dirishani: matofali yako pale kwa sababu chini kuna maharage. Magunia mawili. Maharage yatakwenda wapi? Sebuleni, wageni watayaona. Jikoni, panya. Kwa shemeji, hapo mama akanyamaza kimya kilichoeleweka na kila mtu isipokuwa shemeji. Mwisho nikatengeneza kichanja cha mbao chenye kifuniko cha bati, kikaegeshwa ukutani kwake, na kitanda kikateremka hadi fundoni. Niliongoza kazi yote nikiwa nje, chini ya dirisha, nikipaza sauti kama nahodha.

Kuhusu choo nilikuja na wazo la kipwani: tukijenge ndani, mlango wa pili wa chumba chake. Kwetu choo kimo ndani ya nyumba tangu enzi na hakuna anayeshangaa. Mama mkwe aliposikia alitoka mpaka uani, akasimama umbali wa heshima, akauliza kwa upole, "Mnalala na choo?"

Sikuwa na jibu. Ukiliweka swali hivyo, hata mimi nilianza kuona vibaya.

Choo kikabaki nyuma ya migomba, ila juu ya shimo nikaweka kiti cha saipresi chenye tundu, kimo cha fundo la goti, na mikono miwili ya kujiinulia. Kidato cha mlangoni tukakigeuza mteremko. Hapa hesabu ni rahisi, kila inchi ya kimo inadai futi moja ya urefu, kwa hiyo inchi saba zikawa futi saba. Kabla saruji haijakauka shemeji akaikwangua kwa ufagio wa njiti iwe na meno. Taa ya sola mama aliinunua mwenyewe kwa pesa zake za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za kila mwezi za wenye miaka 70 na zaidi; alikataa katakata kununuliwa. Na jikoni nilishindwa. Nilitaka kuyainua mafiga, apike amesimama. Akasema kupika umesimama ni mambo ya mkahawa. Nikamtengenezea kigoda chenye mkono, nacho nasikia anawekea sufuria.

Zilibaki hatua arobaini. Kumwaga saruji njia nzima fedha haikutosha. Hapo ngazi za Kibokoni zikanijia: ngazi za mawe, nyembamba, za giza, zilizosimama wima kama ukuta, na pembeni kamba ya makumbi iliyofungwa juu na chini, imelainishwa na mikono ya watu waliokwisha kufa. Bibi alipanda kwa kamba ile hata macho yalipokwisha. Tukachimba mashimo, tukasimamisha nguzo za bluugamu pande mbili za njia, tukamwaga kokoto katikati, na kamba nene ya katani ikapita nguzo kwa nguzo kwa kimo cha fundo la pili.

Usiku wa sita nilikuwa macho ndani ya simba yangu, mvua nyepesi juu ya bati. Nikausikia mlango wa mama mkwe. Kisha kamba ikaanza: kila akiivuta, nguzo inalia kidogo, halafu inayofuata. Kutoka kumsaidia ni mwiko, hata kuchungulia ni mwiko. Nikahesabu. Nguzo ya saba akasimama, nami nikakaa kitako. Ikalia ya nane. Alikwenda, akakaa, akarudi, mlango ukafungwa, na mimi ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimeishika blanketi kwa mikono miwili.

Asubuhi nilipokuwa napanga vyombo mkobani, shemeji akaja na chai.

"Mama anauliza," akasema, "kamba imebaki?"

"Imebaki kidogo. Kwa nini?"

"Anataka ifike banda la kuku."

Nikaitoa randa tena.