Leseni ikiisha, lenzi ni ya nani?

Nilikuwa nikisanifu lenzi ndogo ya kubandika kwenye kamera ya simu, ili rafiki yangu mkulima huko Njoro aone wadudu wadogo kwenye majani. Nilitumia programu ya kampuni, leseni ya majaribio. Siku 30 zikaisha, na kazi yangu mwenyewe ikagoma kufunguka!

Bahati nzuri, faili yenyewe ilikuwa maandishi tu: mpindo, unene, aina ya kioo. RayOptics, programu huria ya Python, ikaisoma.

Tuseme ukweli: ile ya kulipia ilinipa urahisi zaidi, hasa kupima jinsi makosa madogo ya kiwandani yatakavyoharibu picha. Sasa hesabu hizo naziandikia msimbo mwenyewe.

Lakini tazameni majirani zetu. Bongo Tech & Research Labs ya Dar es Salaam imetengeneza hadubini za OpenFlexure kwa sababu michoro yake iko wazi kwa yeyote.

Kwangu bei si hoja kubwa. Kabla hujaanza kazi, uliza: ufunguo atabaki nao nani?