Kusafisha Kalipa Kuukuu za Breki

Magari ya njia mbovu huishi miaka mingi katika nchi zetu. Twaona Land Rover na Land Cruiser zilizotengenezwa miaka 30 au 40 iliyopita zingali zachukua wagonjwa, wanafunzi na magunia ya mahindi. Mambo mengi ya gari kuukuu yaweza kungoja, lakini breki haingoji. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za kalipa, yaani chuma kile kinachoibana diski ya gurudumu dereva akanyagapo breki, na jinsi tunavyoisafisha katika karakana yetu.

Land Rover za zamani zilikuwa na breki za dramu. Mwaka 1970 ilitoka Range Rover yenye diski katika magurudumu yote 4, na mwaka 1983 ikatoka Land Rover One Ten yenye diski za mbele. Diski hupoa upesi kuliko dramu, tena hukauka upesi gari livukapo mto. Lakini kalipa yakaa wazi penye tope na maji, nayo yahitaji kutunzwa.

Ndani ya kalipa mna pistoni, na kila pistoni yazungukwa na pete ya mpira. Pete hiyo ina kazi 2: yazuia mafuta ya breki yasivuje, na mguu uondolewapo yairudisha pistoni nyuma kidogo, maana mpira uliovutwa hurudi mahali pake. Nje yake mna mpira mwingine wa kuzuia vumbi. Huo ukipasuka, maji huingia, pistoni hushika kutu na kukwama. Basi pedi haziiachi diski. Gurudumu hupata moto, na gari huvutwa upande mmoja.

Adui wa pili yumo ndani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yale yaitwayo DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya joto la 205°C, lakini yakiisha kunyonya maji yaweza kuchemka kwa 140°C. Hebu fikirini mteremko wa kutoka Lushoto kwenda Mombo, kona baada ya kona. Mafuta yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Dereva hukanyaga, wala gari halisimami.

Liliwahi kuletwa kwetu gari ambalo baba mmoja alilinunua akivutwa na kalipa zake zilizong'aa kwa rangi nyekundu. Tulipozifungua tuliona pistoni 3 katika 8 za mbele hazitikisiki. Rangi ilikuwa imepakwa juu ya kutu, hata juu ya mipira. Baba huyo alikuwa akiwapeleka watoto wake shule kwa gari hilo kila siku. Wahenga walisema kweli: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Basi sisi twaanza hivi. Gari twaliweka juu ya magogo imara, si juu ya jeki peke yake. Vumbi la pedi hatulipulizi, kwa maana pedi za zamani zaweza kuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Twalilowesha na kulifuta kwa kitambaa. Twasugua nje ya kalipa kwa brashi ya waya pistoni zikali ndani, uchafu usipate njia. Kisha twazisukuma pistoni zitoke kwa nguvu ya mafuta ya breki yenyewe, na kipande cha mbao kati yake. Vidole vikae mbali. Kalipa iliyoundwa kwa vipande 2 hatuitenganishi.

Ndani twaosha kwa spiriti au mafuta mapya ya breki. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida haziruhusiwi, maana huvimbisha mipira. Mifereji ya pete twaikwangua taratibu, kwa kuwa kutu iliyojificha nyuma ya mpira huusukuma ukaibana pistoni. Pistoni iliyochimbwa na kutu mahali pa pete hatuisugui bali twaitupa: msasa haurudishi chuma kilicholiwa. Mipira yote huwa mipya.

Rangi huja baadaye. Iwe ya kustahimili joto, ipakwe nyembamba mara 2, wala isiguse pistoni, mahali pa pedi, wala uso unaokaza kalipa kwenye ekseli. Ikauke kabisa kabla ya kutia mafuta, maana tone la mafuta ya breki huila rangi. Kalipa ya kulia isifungwe kushoto: nati ya kutolea upepo itakuwa chini, na hewa itabaki juu isitoke. Mwisho twajaribu gari mahali tambarare, polepole, kabla ya kulipeleka mlimani.

Enyi wazazi na walimu mnaotunza gari la nyumba au la shule, badilisheni mafuta ya breki kila miaka 2. Baada ya safari sogezeni mkono karibu na kila gurudumu, bila kuligusa. Likiwepo moja lenye moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, mwiteni fundi siku hiyo hiyo. Na mnaponunua gari, msiulize rangi ya kalipa. Ombeni gurudumu liinuliwe, fundi akanyage breki na kuiachia, nanyi mlizungushe kwa mikono yenu.